Mlimau, kunde, pasheni: Mimea inayolisha viwavi wa vipepeo, na ile ya kuepuka kwenye nyumba yenye watoto

Mlimau mchanga ukianza kutoa majani laini, haupiti muda mrefu kabla baadhi yake hayajaonekana yametafunwa pembeni. Ukitazama kwa karibu unaona kitu kama kinyesi cha ndege kimekaa juu ya jani. Ukikigusa kwa kijiti, kinasogea.

Hapo ndipo nyumba nyingi hugawanyika. Mtoto anataka kukitia kwenye kopo akipeleke shuleni. Bibi anasema kitamwasha. Baba anaulizia ile dawa ya mende iliyobaki chini ya sinki. Mara nyingi baba ndiye anayeshinda.

Kiwavi huyo angeachwa, angetoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, yule anayeonekana akizunguka michungwa na milimau karibu kila mkoa wa Tanzania. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Kiwavi wake hana nywele za kuwasha, hang'ati na hana sumu ya kumdhuru mtoto anayemgusa. Kilicho hatari katika tukio lote hilo ni ile dawa: inabaki kwenye ganda la limau litakalokamuliwa mezani, kwenye majani ambayo familia huchemsha kwa kujifukiza wakati wa mafua, na kwenye vidole vya mtoto aliyekwenda kuangalia kama mdudu amekufa.

Hiyo ndiyo sababu suala la kupanda mimea ya vipepeo nyumbani si la mapambo tu. Mzazi anayetaka watoto wake waone vipepeo lazima achague mmea ambao majani yake yataliwa, na wakati huohuo ahakikishe mmea huo hautamdhuru mtoto anayejifunza kutembea na kutia kila kitu mdomoni.

Maua peke yake hayatoshi

Watu wengi wakitaka vipepeo hupanda maua. Si kosa, kwa sababu kipepeo mkubwa hunywa nekta. Lakini anakunywa na kuondoka. Kiwavi hanywi nekta, anakula majani, tena si majani yoyote. Kila aina ya kipepeo ina mimea yake michache, na mingine ina jamii moja tu ya mimea. Ukimwekea kiwavi wa mlimau majani ya mchicha atakufa njaa akiwa amesimama juu yake.

Kipepeo jike analijua hilo kuliko mtu. Akitafuta pa kutagia hutua kwenye jani na kuligongagonga kwa miguu, kwa kuwa miguuni ndiko alikonako uwezo wa kuonja. Jani likiwa silo, anaruka. Likiwa lenyewe, anakunja tumbo na kubandika yai. Mtoto akifundishwa kutambua kitendo hiki anaweza kulipata yai dakika hiyohiyo: kidoto cha rangi ya njano iliyofifia, kidogo kuliko kichwa cha pini, mara nyingi kwenye jani changa.

Wakulima wa vipepeo wa ukanda huu walilazimika kulijua jambo hili vizuri. Pale Gede, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, mradi uitwao Kipepeo ulianza mwaka 1993 ukiwapatia wanakijiji kipato kwa kuuza pupa kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Wanakijiji wa Usambara Mashariki, upande wa Amani, walifuata njia hiyo hadi Serikali ya Tanzania ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Kule Pete, Unguja, karibu na msitu wa Jozani, kuna kituo ambacho wageni huingia kwenye banda la wavu na kuwaona wakiruka. Kote huko kazi kubwa ya mfugaji ni ya bustani. Bila vitalu vya mimea ya chakula hakuna kiwavi, na bila kiwavi hakuna cha kuuza.

Nyumbani habari ni njema zaidi, maana baadhi ya mimea inayohitajika tayari imo uani au jikoni.

Anza na mlimau

Kwa nyumba yenye watoto wadogo ni vigumu kupata mmea wa kuushinda mlimau, mndimu au mchungwa. Majani hayana sumu, unaota kwenye ndoo, na kipepeo wake ni mkubwa na ni rahisi kutambua. Mwiba ndio kasoro yake, hivyo usipandwe kwenye njia ambayo watoto hupita wakikimbizana.

Hakuna haja ya kununua mche uliobebeshwa. Mbegu za ndimu zilizotolewa kwenye kachumbari zikifukiwa kwenye udongo wenye unyevu zitaota. Mche wa mbegu huchelewa sana kuzaa matunda, na watu huukataa kwa sababu hiyo, lakini kipepeo hasubiri tunda. Anachohitaji ni jani changa.

Panda miche mitatu au minne, si mmoja. Viwavi wawili wanaweza kuumaliza mche wenye urefu wa futi moja ndani ya siku chache, na hapo mzazi ndipo anapokimbilia dawa. Wenye mti mkubwa wa kuzaa uani wana bahati: viwavi wakizidi kwenye mche mdogo, unakata kijitawi walichokaa na kukiegesha kwenye mti mkubwa. Watahama wenyewe. Mti uliokomaa haudhuriki kwa kulisha viwavi kumi.

Kiwavi akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na weupe, ndiyo maana anafanana na kinyesi cha ndege na ndege wanamwacha. Akikua anageuka kijani chenye mistari ya kahawia ubavuni. Akibughudhiwa hutoa nyuma ya kichwa kitu chenye panda mbili, cha rangi inayokaribia chungwa, chenye harufu kali. Watoto hupiga kelele na kudhani ni ulimi wa nyoka. Si ulimi, na haudungi. Ni namna yake ya kuwafukuza siafu na ndege, na harufu ikibaki mkononi sabuni inaitoa.

Tangu yai mpaka kipepeo huchukua kati ya mwezi mmoja na nusu na miezi miwili, pungufu kidogo kwenye joto la pwani. Kwa mtoto wa miaka sita huo ni muda mrefu, lakini hauzidi uvumilivu wake kama kuna kitu kipya cha kuona kila siku chache.

Mwenye eneo kubwa kidogo anaweza kuongeza mjafari, mti wetu wa asili wenye miiba ulio katika jamii moja na michungwa. Kipepeo huyuhuyu hutaga huko porini.

Mimea inayotambaa

Uzio wa waya au nguzo ya kambarau inafaa kwa mimea inayopanda. Kunde na fiwi ni chaguo ambalo wengi hawalifikirii. Maua na maganda yake machanga hulisha kiwavi wa kipepeo mdogo wa rangi ya buluu iliyokolea kijivu, mwenye vikia vidogo kama nyuzi nyuma ya mabawa. Shambani mkulima humhesabu kuwa mharibifu, na ana haki. Uani kwenye mashina manne ya kunde, maganda machache yaliyotobolewa si hasara, na majani yaliyobaki ni mboga ya jioni.

Pasheni, ambayo wengine huiita karakara, nayo inafaa. Jamii yake hulisha viwavi wa vipepeo wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi, wale wanaoruka polepole kana kwamba hawana haraka ya kwenda popote. Hawana haraka kwa kuwa miili yao ina ladha mbaya kwa ndege. Viwavi wao wana miiba inayotisha macho, lakini haichomi kama ya viwavi washa. Jambo la kuangalia kwenye pasheni ni majani na matunda mabichi, ambayo yana kemikali zinazoweza kuzalisha sianidi. Tunda lililoiva ni salama. Mtoto mdogo asiachwe kutafuna majani wala kuchuma matunda ya kijani.

Kuna pia mimea midogo inayotambaa chini ambayo kila Jumamosi hung'olewa kama magugu. Ule wenye majani manene yanayoteleza na shina jekundu, ambao baadhi ya watu wa pwani huuita tako la hasani, ni chakula cha kiwavi wa kipepeo mmoja wa ajabu: dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe, jike lake ni la rangi ya chungwa, na mtu asiyejua atadhani ni vipepeo wawili tofauti. Mwingine ni tikini, mboga ya porini inayofahamika Tanga na Usambara, yenye maua madogo meupe au ya zambarau. Hii hulisha viwavi wa aina kadhaa, akiwemo kipepeo mweusi mwenye doa la buluu linalong'aa kwenye mabawa ya nyuma. Yote miwili huliwa na binadamu, kwa hiyo mzazi hana cha kuogopa. Kinachotakiwa ni kumwambia kijana wa kufyeka aache kipande cha meta moja pembeni ya ukuta.

Vichaka

Ua la buluu hafifu linalopandwa sana kwenye bustani za Arusha na Dar es Salaam, plumbago, hulisha kiwavi wa kipepeo mwingine mdogo wa buluu na linavumilia kukatwa kuwa uzio. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu, hivyo anayeukata avae glovu.

Mtopetope mwitu, ndugu wa mstafeli, hulisha viwavi wa vipepeo wenye mabawa membamba na yaliyochongoka, warukao kwa kasi. Unafaa kwa wanaoishi pembezoni mwa mji wenye nafasi, na matunda yake yaliyoiva watoto wanayapenda.

Mjohoro na jamaa zake wenye maua ya njano ndio chakula cha kipepeo mweupe anayeelekea kijani, yule anayepita kwa makundi makubwa kuelekea upande mmoja baada ya mvua. Hapa ndipo uangalifu unapoanza.

Vinavyolisha kipepeo na kumdhuru mtoto

Miongoni mwa jamaa hao wa mjohoro kuna mwingajini, kichaka kifupi chenye harufu nzito kinachoota chenyewe kwenye viwanja vitupu. Viwavi wanaupenda. Lakini mbegu zake zimo kwenye maganda yanayofanana na ya maharage, na watoto wakicheza mchezo wa kupika hupenda kuzila. Katika magharibi mwa jimbo la Uttar Pradesh nchini India, vifo vya watoto vilivyokuwa vikitokea kila mwaka vilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni homa ya ubongo ya virusi. Katika miaka ya 2000 madaktari walionyesha kuwa watoto hao walikuwa wamekula mbegu za mmea huu, zikaharibu ini, misuli na ubongo kwa mpigo. Mmea huu huku kwetu hutumika kama dawa ya kienyeji na watu wameuzoea, na ndiyo maana ni rahisi kuusahau. Kwenye nyumba yenye mtoto chini ya miaka saba, ung'oe, ubaki na mjohoro mkubwa wa barabarani.

Mbarika, au mnyonyo kama wengine wanavyouita, una hadithi hiyohiyo. Kuna vipepeo wa kahawia ambao viwavi wao hula majani yake. Mbegu zake zina madoadoa ya kupendeza na watu wamewahi kuzitunga kama shanga. Ndani yake mna risini, moja ya sumu kali zaidi zinazotoka kwenye mimea. Mbegu iliyomezwa nzima inaweza kupita bila madhara makubwa, iliyotafunwa ni dharura.

Halafu kuna mimea ya utomvu mweupe kama maziwa. Mmoja ni kichaka cha sehemu kavu chenye majani mapana ya kijivu na maganda yaliyovimba ambayo ndani yake mna pamba laini. Mwingine ni mwembamba, una matunda kama maputo ya kijani yenye nywele. Hulisha kiwavi mzuri kuliko wote, mwenye mistari myeusi, myeupe na ya njano, atakayekuwa kipepeo wa chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa. Kiwavi huhifadhi sumu ya mmea mwilini mwake na ndege humwogopa kwa hiyo. Ni sumu inayogusa moyo, na utomvu wa mimea hii ukiingia jichoni unaweza kuumiza kioo cha jicho na kufifisha kuona. Hatari ya jicho iko pia kwenye mnyaa, ambao umekuwa uzio wa nyumba nyingi vijijini bila kulisha kipepeo yeyote wa kutajwa.

Familia yenye watoto wakubwa wanaoelewa maonyo inaweza kuamua kupanda mmoja wa mimea hiyo ya utomvu nyuma ya nyumba. Yenye mtambaaji isipande. Vipepeo wa mlimau wanatosha.

Lantana, lenye vishada vya maua ya njano, pinki na chungwa, mara nyingi huuzwa kwenye vitalu kwa sifa ya kuvuta vipepeo. Linawavuta kweli, lakini kwa nekta tu. Matunda yake mabichi si salama kwa mtoto, na likiachwa huvamia mashamba na misitu. Ni pesa iliyopotea.

Kiwavi yupi wa kuogopa

Bibi hakosei kabisa. Wapo viwavi wanaowasha, na wengi wao ni watoto wa nondo, si wa vipepeo. Kanuni rahisi ya kumfundisha mtoto ni hii: mwenye manyoya marefu au vishungi vya nywele hashikwi kamwe. Kwa wengine wote tunatumia kijiti au jani, na mikono inanawa baadaye.

Mtoto akiguswa na kiwavi mwenye nywele, usisugue. Bandika gundi ya karatasi juu ya ngozi na uibandue ili itoke na nywele, kisha osha kwa maji mengi na sabuni na uweke kitambaa cha baridi. Akivimba uso, akipumua kwa shida au nywele zikiingia jichoni, ni hospitali.

Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kope zikiwa wazi, halafu nenda kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua. Mtoto akitafuna mbegu au majani unayoyatilia shaka, toa mabaki mdomoni, usimlazimishe kutapika, usimnyweshe maziwa au mafuta kwa kudhani yatazima sumu, na mpeleke haraka ukiwa na tawi la mmea wenyewe. Daktari akiuona mmea anapoteza muda mfupi zaidi.

Kuhusu dawa za wadudu, kitu kimoja kinahitaji kusemwa bila kuzunguka: dawa ya shamba iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa haina nafasi ndani ya nyumba. Mtoto ataiona ni kinywaji. Kiwavi hajawahi kuleta hatari ya namna hiyo.

Nyoka na mbu

Maswali mawili huulizwa na kila mzazi anapoambiwa aongeze vichaka. Nyoka hufuata panya, mijusi na mahali pa kujificha. Kichaka kilichopunguzwa matawi ya chini, kiasi kwamba unaiona ardhi chini yake, hakimpi maficho. Rundo la matofali na mabati nyuma ya choo linampa zaidi.

Mbu ni suala la maji. Jiji la Dar es Salaam liliguswa na milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeambukiza ugonjwa huo huzaliana kwenye maji kidogo tu, ikiwemo sahani inayowekwa chini ya chungu cha maua. Ziondoe sahani hizo, au zijaze mchanga. Mimea inayopanda isifunike madirisha, ili hewa ipite na wavu wa dirisha ukaguliwe kirahisi.

Kuwalea kwa karibu

Watoto wanaosoma hatua za ukuaji wa mdudu shule ya msingi huzikariri kutoka ubaoni: yai, buu, pupa, mdudu kamili. Mlimau kwenye ndoo unawaonyesha hatua hizo ndani ya muhula mmoja.

Anayetaka kumwona kiwavi kwa karibu akate tawi lenye kiwavi, alitie kwenye chupa ya maji, na kuziba mdomo wa chupa kwa pamba au karatasi. Usipoziba, kiwavi atashuka na kuzama. Chupa iwekwe ndani ya boksi lililofunikwa neti, kivulini. Majani yabadilishwe kila siku, na kinyesi kitolewe, la sivyo ukungu utaingia.

Siku akiacha kula na kuanza kuzunguka, anatafuta pa kujibadilisha. Atajifunga kwa uzi mwembamba kiunoni na kuwa pupa ya kijani au ya kahawia, kufuatana na mahali alipo. Asihamishwe.

Wakati mwingine hatoki kipepeo. Pupa inatobolewa na anatoka nyigu mdogo ambaye mama yake alitaga ndani ya kiwavi. Watoto hulia, na wengine hukasirika. Waambiwe ukweli: nyigu hao ndio wanaozuia viwavi wasiumalize mlimau wote, na ndio wanaokufa kwanza dawa inaponyunyizwa.

Akitoka kipepeo, atatoka na mabawa yaliyokunjamana. Aachwe aning'inie mpaka yanyooke na kukauka, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa. Neti ifunguliwe kukiwa na jua, na mtu asimshike mabawa.